Mtutu mrefu si lazima uwe bora
Mambo ya kujua kabla ya kununua bunduki ya mchezo wa shabaha na kurudi nayo nyumbani

Na Mwandishi Wetu

WAPO ndugu zetu waliokaa miaka mingi Uingereza, Marekani au Afrika Kusini ambao, pamoja na elimu na mtaji, wamerudi na mchezo waliojifunza huko: kulenga shabaha ya mbali kwa bunduki. Wengine bado wanajiandaa kurudi na wanataka kununua bunduki ya mchezo kabla ya kufunga mizigo. Swali la kwanza wanalouliza ni hili: mtutu uwe wa urefu gani?

Mfanyabiashara wa Busia au Rusumo amezoea kwamba kitambaa kirefu hulipiwa zaidi kuliko kifupi. Kwa mtutu wa bunduki hesabu haiendi hivyo, na anayenunua kwa kutazama urefu tu anaweza kupoteza fedha nyingi.

Tuanze na faida ya urefu. Baruti ikiwaka hutoa gesi, na gesi hiyo huisukuma risasi muda wote inapokuwa ndani ya mtutu. Safari ya ndani ikiwa ndefu, risasi hutoka na kasi kubwa zaidi. Kwa risasi ya .308 Winchester, ambayo hutumika sana katika mchezo huu, kila inchi moja ya mtutu huongeza takriban mita 6 hadi 8 kwa sekunde. Kwa hiyo anayetoka inchi 24 kwenda inchi 30 hupata nyongeza ya karibu mita 40 kwa sekunde.

Je, nyongeza hiyo ina maana gani? Twende Bisley, katika jimbo la Surrey, Uingereza, ambako mashindano makubwa ya shabaha ya nchi hiyo yamefanyika tangu mwaka 1890. Fainali ya shindano lao kuu hupigwa kutoka yadi 900 na yadi 1,000. Yadi 1,000 ni mita 914. Risasi ikisafiri umbali huo hupungua kasi, na ikikaribia mwendo wa sauti, ambao ni takriban mita 340 kwa sekunde, huanza kuyumba. Hapo hata mlengaji hodari hukosa. Risasi ya .308 yenye uzito wa gramu 10 inatakiwa itoke mtutuni kwa karibu mita 900 kwa sekunde ili ifike kwenye shabaha ikiwa bado inaushinda mwendo wa sauti. Ndiyo sababu bunduki nyingi za mchezo huo zina mtutu wa inchi 30.

Ipo sababu ya pili. Katika mchezo huo wa jadi hawatumii darubini, bali tundu la nyuma na alama ya mbele. Umbali kati ya viwili hivyo ukiwa mkubwa, kosa dogo la jicho huonekana mapema na kurekebishwa.

Sasa tuje kwenye hasara. Wengi hudhani mtutu mrefu hulenga vizuri zaidi. Sivyo. Urefu huongeza kasi, lakini usahihi hutokana na ubora wa chuma, unyoofu wa tundu na usafi wa mdomo wa mtutu. Tena, mtutu ni kama fito iliyoshikwa upande mmoja: ukirefuka hulegea. Mtutu wa inchi 30 wenye unene uleule wa mtutu wa inchi 24 una ugumu wa karibu nusu tu. Ili usitikisike ovyo ni lazima uwe mnene, na unene huleta uzito. Katika mchezo wa F-TR, unaoruhusu darubini na miguu miwili ya mbele, bunduki nzima haitakiwi kuzidi kilo 8.25. Kwa hiyo kila inchi hulipiwa kwa gramu.

Kwa sisi wa nyanda za juu kuna habari njema. Bisley iko karibu na usawa wa bahari, lakini Nairobi iko juu kwa takriban mita 1,700, na Kigali ni zaidi ya mita 1,500. Huku hewa ni nyepesi, risasi hukutana na upinzani mdogo, na kasi yake hukaa zaidi. Mlengaji aliyehitaji inchi 30 kule anaweza kutosheka na inchi 26 au 28 huku.

Anayepiga umbali wa mita 300 hadi 600 kwa darubini hana haja ya kupita inchi 24 hadi 26. Hata kwa umbali mkubwa zaidi, risasi nyembamba za kisasa kama 6.5 Creedmoor, iliyotoka mwaka 2007, hukata hewa vizuri, na wengi wanaozitumia hubaki kwenye urefu huohuo. Na kwa bunduki ndogo ya .22 ya mita 50, baruti yake kidogo huwa imekwisha kazi kabla ya inchi 20. Urefu wa ziada hauongezi kitu kwenye kasi.

Ukibaki na shaka, kumbuka kwamba mtutu mrefu unaweza kukatwa na fundi mwenye leseni, lakini mfupi haurefushwi. Usikate mwenyewe. Mdomo ukiharibika, usahihi umekwenda, na sheria pia inapima. Marekani, mtutu wa bunduki ya aina hii ukiwa chini ya inchi 16 unahitaji usajili maalumu. Uingereza, ulio chini ya sentimita 30 umepigwa marufuku kwa raia wa kawaida.

Jambo la mwisho ndilo zito kuliko yote. Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004 inazitaka nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika zilizoitia saini kuzuia raia kumiliki bunduki zinazojipakia risasi zenyewe. Bunduki za shabaha tulizozieleza hupakiwa kwa mkono, risasi moja baada ya nyingine, lakini nazo haziingii nchini bila kibali. Leseni ya Uingereza haina nguvu Malaba wala Mutukula. Risiti ya duka haitoshi. Omba kibali cha kuingiza kwa mamlaka ya nchi yako kabla hujanunua, na hakikisha namba iliyopigwa kwenye chuma ndiyo iliyoandikwa kwenye karatasi.

Na wewe mfanyabiashara, ukiombwa kuvusha mzigo mrefu uliofungwa usioujua, uliza kilichomo, na usipojibiwa, uache. Mwenye bunduki anaweza kuwa na maelezo yake, lakini atakayekamatwa nayo mpakani ni wewe.