Kilicho cha Wote Kigawiwe kwa Zamu

Kitu kilicho mali ya wote kina shida yake. Kikiwa tele, hakuna agombanaye na mwenziwe. Lakini kikiwa haba, na wanaokitaka wakawa wengi, hapo ndipo hujulikana kama ni cha wote kwa kweli au kwa jina tu. Shida hiyo imezikumba Hifadhi za Taifa za Marekani, nasi twaona inafaa tuieleze kwa kirefu, maana inahusu jambo ambalo kila mfanyakazi analijua vema: kungoja basi, kupanga foleni, na kuuliza ni nani aliyetangulizwa na kwa sababu gani.

Hifadhi ya Yellowstone ilianzishwa mwaka 1872, nayo ndiyo ya kwanza nchini humo kuitwa Hifadhi ya Taifa. Mwaka 1916 ikatungwa sheria iliyounda Idara ya Hifadhi za Taifa, na sheria hiyo ikaitwika Idara mizigo miwili kwa pamoja: watu wazifurahie hifadhi, na papo hapo hifadhi zisiharibike, ili vizazi vijavyo navyo vizifurahie. Kwa muda mrefu mizigo hiyo ilichukulika. Lakini baada ya Vita Vikuu vya Pili motokaa zilizidi kuwa nyingi, na hifadhi zikaanza kuelemewa. Mwaka 1956 Serikali ya nchi hiyo ikaanza mpango wa miaka kumi, ulioitwa Mission 66, wa kutengeneza barabara, maegesho na nyumba za kupokelea wageni. Barabara zikawa nzuri, na barabara nzuri zikaita motokaa zaidi. Ilipofika mwaka 2024, sehemu zote zilizo chini ya Idara hiyo, ambazo ni zaidi ya 400, zilihesabu matembezi karibu milioni 332, hesabu ambayo haikupata kufikiwa kabla yake.

Tusidhani kwamba ardhi ndiyo iliyokwisha. Hifadhi ya Yosemite, katika jimbo la California, ni kubwa sana, na mwaka 2016 matembezi yake yalizidi milioni 5. Lakini karibu kila mgeni hutaka kuingia katika bonde moja, ambalo urefu wake ni maili 7 hivi na upana wake haupati maili 1 mahali pengi. Milima haikujaa watu. Kilichojaa ni barabara. Mtu mmoja akiketi huchukua nafasi ya kiti, lakini akija na motokaa yake hutaka nafasi ya chumba kizima, tena huitaka mara mbili, barabarani na penye maegesho. Kwa hiyo msongamano unaolalamikiwa, kwa sehemu kubwa, ni msongamano wa vyombo kabla ya kuwa msongamano wa watu.

Jambo hili lilithibitika katika Hifadhi ya Zion, jimbo la Utah. Huko kuna korongo lenye kuta ndefu za mawe mekundu, na ndani yake barabara moja isiyo na njia ya kutokea upande wa pili. Katika miaka ya 1990, siku za watu wengi, motokaa kwa maelfu ziligombea nafasi za kuegesha zilizohesabika kwa mamia machache tu. Watu walizunguka kutwa wakitafuta mahali pa kusimama, na wengine waliegesha juu ya majani na mimea. Mwaka 2000 wakuu wa hifadhi wakakata shauri: katika miezi ya wageni wengi, motokaa za watu zisiingie tena katika barabara ya korongo. Badala yake pakawekwa mabasi yasiyotozwa nauli, yanayopita mara kwa mara, na mengine yanayochukua watu kutoka mji wa Springdale ulio mlangoni mwa hifadhi. Mwaka 2021 hifadhi hiyo ilipata matembezi zaidi ya milioni 5, na mabasi hayo ndiyo yaliyowabeba watu korongoni. Kufikia mwaka 2024 mabasi ya zamani ya gesi yalikuwa yamekwisha kubadilishwa na kuletwa ya umeme.

Wala Zion haikuwa ya kwanza. Yosemite ilianza mabasi ya bure bondeni mwaka 1970. Huko Alaska, barabara kuu mpya ilipofunguliwa mwaka 1972 na kuifikia Hifadhi ya Denali, wakuu hawakungoja maji yamwagike: walizuia motokaa za watu zisipite zaidi ya maili 15 za mwanzo za barabara ya hifadhi, wakawapandisha wageni katika mabasi.

Wako waliosema kwamba kumnyima mtu kuingia na motokaa yake ni kumnyima uhuru. Twauliza, ni uhuru gani ule wa kukaa saa nzima ndani ya motokaa isiyosogea, ukitazama mgongo wa motokaa ya mbele? Ndani ya basi, tajiri na mfanyakazi wa hotelini huketi kiti kimoja, huona mlima uleule, na hushuka kituo kilekile. Twaona basi la namna hiyo halipunguzi uhuru wa mtu, bali laugawa.

Hata hivyo, basi si dawa ya kila ugonjwa. Katika Zion hiyohiyo kuna njia ya miguu iitwayo Angels Landing, inayopanda juu ya mgongo mwembamba wa mwamba, watu wakishika minyororo, na wako walioanguka wakafa. Mabasi yaliweza kuwafikisha watu wengi chini ya njia hiyo, lakini mwamba haukupanuka. Kwa hiyo tangu tarehe 1 Aprili 2022 kila anayetaka kupanda shurti awe na kibali, na vibali hutolewa kwa bahati nasibu.

Kwingine hakukuwa na mabasi kabisa. Hifadhi ya Arches, pia katika Utah, ilipata matembezi zaidi ya milioni 1.8 mwaka 2021, na katika mwaka huo lango lake lilifungwa zaidi ya mara mia moja kwa sababu ndani kumejaa. Familia iliyosafiri mamia ya maili ilifika langoni ikaambiwa irudi baadaye. Ndipo mwaka 2022 ukaletwa utaratibu wa kuweka nafasi mapema kwa njia ya intaneti: mwenye motokaa alichagua siku na saa, akalipa dola 2, kisha akaja kwa saa yake. Yosemite nayo ilitaka watu waweke nafasi katika miaka ya 2020, 2021 na 2022. Mwaka 2023 ikaacha, foleni ndefu zikarudi, na mwaka 2024 ikarejesha utaratibu huo kwa siku za wageni wengi.

Twakiri kwamba kuweka nafasi ni bora kuliko kufukuzwa langoni. Lakini yatupasa tuuangalie utaratibu huo kwa jicho la mtu wa kazi. Nafasi za Arches zilifunguliwa miezi mitatu hivi kabla ya safari. Ni nani ajuaye leo atakuwa wapi baada ya miezi mitatu? Ajuaye ni mtu wa ofisini ambaye likizo yake imekwisha kuandikwa, mwenye kompyuta mezani na saa ya kukaa mbele yake asubuhi nafasi zinapofunguliwa. Msomaji wa Tanzania, ambaye sheria ya kazi ya mwaka 2004 humpa siku 28 za likizo yenye malipo kila mwaka, huenda akastaajabu kusikia kwamba Marekani hakuna sheria ya taifa inayomlazimisha mwajiri wa kawaida kumpa mfanyakazi likizo ya malipo. Mpishi wa mkahawa, dereva wa lori na mfagiaji wa hospitali wengi wao huijua zamu yao wiki moja kabla, pengine siku mbili. Mlango umeachwa wazi kwa wote, lakini ufunguo umewekwa mahali ambapo wengine hawafiki.

Kwa haki yatupasa kusema kwamba Arches haikulisahau jambo hilo. Sehemu ya nafasi iliwekwa akiba ikatolewa jioni ya siku iliyotangulia, na aliyekuja alfajiri na mapema au jioni aliingia bila kuweka nafasi. Hilo twalisifu. Nafasi ya akiba ndiyo nafasi ya mtu asiyekuwa na hakika ya kesho yake, na kadiri inavyokuwa kubwa ndivyo utaratibu wote unavyokuwa wa haki.

Iko njia nyingine ya kupunguza watu, nayo ni rahisi kuliko zote: kupandisha bei. Mwaka 2017 nchi ya Rwanda ilipandisha ada ya kwenda kuwatazama sokwe wa milimani, wanaojulikana kama gorila, kutoka dola 750 mpaka dola 1,500. Yako ya kuitetea: kundi moja la wanyama hao hutembelewa na watu wasiozidi wanane kwa siku, kwa saa moja tu, na fungu la mapato linalorudi kwa wanakijiji liliongezwa kutoka asilimia 5 hadi 10. Marekani nayo mwezi Novemba 2025 ilitangaza kwamba kuanzia tarehe 1 Januari 2026 mgeni asiye mkaazi wa nchi hiyo ataongezewa dola 100 katika hifadhi 11 zenye watu wengi, zikiwemo Zion na Yosemite, asipokuwa na tiketi ya mwaka. Sisi wa Afrika Mashariki hatuna mdomo wa kulaumu hapo, kwani hifadhi zetu zimekuwa zikimtoza mgeni wa nje zaidi ya mwananchi. Kumtoza zaidi aliyetoka mbali, ili mwenyeji aingie kwa bei nafuu, kuna maana yake.

Ila tuonye jambo moja. Bei ikitumiwa kuwachuja wenyeji wenyewe, hapo mali ya taifa imegeuka kuwa mali ya wenye nacho. Foleni humwuliza mtu, "Umefika lini?" Bei humwuliza, "Una nini mfukoni?" Swali la kwanza laweza kuulizwa kwa haki, lakini la pili maskini hushindwa kabla hajafungua kinywa.

Kwa hiyo maoni yetu ni haya. Penye msongamano wa motokaa, basi la wote na litangulie, tena lisiwe na nauli, na lianzie mjini wanakokaa watu, lisianzie langoni tu. Basi likishindwa, ndipo nafasi ziwekwe kwa hesabu. Lakini sehemu kubwa ya nafasi hizo ingojee hadi siku ya mwisho, na nyingine zipatikane kwa simu au dirishani, si kwa intaneti peke yake. Ada ya kuombea isiliwe kwa aliyekosa: katika bahati nasibu ya Angels Landing mwombaji hutoa dola 6 ambazo hazirudishwi hata akikosa, na kwetu hilo si sawa.

Wahenga walisema, kizuri kula na nduguyo. Hawakusema kimalizwe na aliyewahi, wala kifungiwe kabatini kisiliwe. Korongo la Zion limechongwa na maji kwa muda ambao akili ya mtu haiukadirii. Haliwezi kuongezwa hata kwa shubiri moja ili watu wote waenee siku moja. Kinachoweza kuongezwa ni mabasi, zamu na subira, na hivyo vyote vimo katika uwezo wa watu wanaokubali kwamba aliye nyuma yao katika foleni ana haki sawa na yao.