Nyumba ya Mawe Haimalizwi Kujengwa

Huko Mkomani, upande wa kaskazini wa mji wa kale wa Lamu, waungwana wa zamani walikuwa na desturi iliyoamua umbo la mji mzima: nyumba ilikuwa ya binti. Baba mwenye uwezo alimpa binti yake nyumba ya mawe alipoolewa, na mume ndiye aliyehamia kwa mkewe. Zamu ya binti wa pili ilipofika na kiwanja kimekwisha, baba aliinua kuta akaongeza ghorofa juu ya ile ya dada yake. Kiwanja kikipatikana ng'ambo ya kichochoro, nyumba mbili ziliunganishwa kwa wikio, kivuko kilichojengwa juu ya njia, ili kina mama watembeleane bila kushuka mtaani.

Kwa hiyo anayedhani kwamba nyumba hizi zilijengwa mara moja zikaachwa vivyo hivyo hajazitazama vizuri. Nyingi ni za karne ya 18 na 19, na ukipita ndani utaona kazi ya mikono ya baadaye: ngazi iliyohamishwa, mlango uliozibwa, ghorofa ya juu isiyofanana na ya chini. Kubadilisha nyumba ni sehemu ya mila yenyewe. La kujiuliza ni mtu abadilishe kwa kufuata nini.

La kwanza la kufuata ni mpangilio. Ukitoka njiani unakuta daka, kibaraza chenye viti vya mawe huku na huku, ambapo mwenye nyumba alizungumza na watu wa biashara na wa mtaa. Mlango ukifunguliwa huoni ndani moja kwa moja, kwani unapita kwanza tekani, ukumbi mdogo wa kuingilia, ndipo ufike kiwandani, ua ulio wazi kwa juu. Kiwanda ndicho kinacholeta mwanga na upepo, maana kuta za nje hazina madirisha ya kutajika. Mgeni mwanamume asiye jamaa hupelekwa sabule, chumba cha wageni, na mwendo wake huishia hapo. Wenyeji huendelea: msana wa tini (ukumbi wa chini), msana wa yuu (ukumbi wa juu), kisha chumba kiitwacho ndani. Kadiri unavyosogea, sakafu inapanda kidogo na sitara inazidi. Huko mwisho kuna ukuta wa zidaka, yaani vishubaka, uliopambwa kwa plasta ya chokaa, ambamo ziliwekwa sahani za China. Katika vyumba hivyo vya ndani kabisa ndimo watoto walimozaliwa na ndimo maiti walimooshwa.

Sifa hizi zisitufiche jambo. Nyumba za mawe zilikuwa za tabaka moja. Penye ghorofa, chini palikuwa ghala na makao ya watumwa, na wakazi wengi wa mji waliishi katika nyumba za udongo na makuti. Anayekarabati leo hana sababu ya kurudisha kila kitu kama kilivyokuwa. Vyumba vya chini vyenye giza na joto vinastahili mwanga, na kijana anayesoma anastahili mahali pa kuweka meza. Mila ya kushika hapa ni sitara na hewa. Madaraja ya watu tuyaache yalikozikwa.

La pili ni vifaa, na hapa ndipo uharibifu mwingi unapoanzia. Kuta zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Yale ya kuchongwa mapambo yalikatwa baharini yangali laini, yakakauka yakawa magumu. Dari hubebwa na boriti za mikoko, na ndiyo sababu vyumba vya Lamu ni virefu na vyembamba: upana wa chumba ni urefu wa boriti, kama mita 2.5 hadi 3. Chokaa yenyewe hupatikana kwa kuchoma matumbawe juu ya lundo la magogo, kisha huzimwa kwa maji na kuachwa iive kabla ya kupakwa.

Ukuta wa namna hiyo hunyonya unyevu wa ardhi na wa mvua, kisha huutoa taratibu. Ukiupaka saruji umeuziba pumzi. Maji hubaki ndani pamoja na chumvi, plasta mpya hufura na kubanduka ikiondoka na vipande vya jiwe, na vichwa vya boriti vilivyoingia ukutani huanza kuoza bila mtu kuona. Mwenye nyumba huita fundi aongeze saruji, na tatizo huongezeka nayo. Zege lenye nondo nalo si dawa. Upepo wa bahari huifikia nondo, kutu huivimbisha, zege hupasuka, na uzito wake wote umekaa juu ya kuta ambazo hazikujengwa kuubeba. Fundi mzuri huibadilisha boriti iliyooza peke yake, huitegemeza dari kwa nguzo wakati wa kazi, na hurudisha chokaa palipokuwa na chokaa.

Choo na maji ndiyo mtihani wa tatu. Zamani bafuni palikuwa na birika, na ndani yake waliwekwa samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu. Kwenye sakafu ya birika ilijengewa bakuli ya kauri, ili maji yakipungua samaki wasife. Leo watu wanataka bomba, bafu kila chumba na tangi juu ya paa. Si kosa kutaka hivyo. Ila vyoo vipangwe kimoja juu ya kingine, mahali choo cha asili kilipokuwa; bomba lipite nje ya ukuta ili likivuja lionekane; na tangi likae juu ya ukuta mnene, si katikati ya boriti. Kuhusu paa, kivuli cha makuti si kitu kigeni, kwani jiko lilikuwa huko juu tangu zamani, moshi ukapeperushwa. Kuezeka kiwanda kwa mabati ndiko kosa, maana kila chumba kinachokizunguka hupoteza mwanga na hewa kwa siku moja.

Mji wa kale ulitangazwa eneo la hifadhi mwaka 1986, na mwaka 2001 UNESCO ikauingiza katika orodha ya urithi wa dunia. Hata hivyo sheria huuona zaidi uso wa nyumba, na tatizo kubwa liko kwenye umiliki. Nyumba iliyoachiwa mabinti wawili huja kuwa ya wajukuu na vitukuu kadhaa, wengine wako Mombasa, wengine Ghuba. Kila mmoja ana haki yake, na hakuna mwenye ndoo ya chokaa. Mwishowe inauzwa. Baadhi ya wanunuzi kutoka Ulaya wamezitengeneza nyumba kwa uangalifu na kuwapa mafundi kazi, lakini nyumba inayofungwa sehemu kubwa ya mwaka haiwi tena nyumba ya mtaa.

Dawa ya hili tunayo katika dini na mila zetu. Fiqhi ya wakfu inataka mapato ya mali yaanze kuitengeneza mali hiyo ndipo wagawiwe wenye haki. Warithi wakikubaliana hivyo kwa maandishi, kodi ya ghorofa ya chini itanunua chokaa na boriti kwanza, kisha kilichobaki kigawanywe. Makubaliano hayo ni machungu kwa anayesubiri fungu lake, lakini bila hayo fungu litakuwa la kifusi.