Hodi ya Kumtoa Mwenye Nyumba

Sogeeni karibu, wanangu, niwasimulie vita vya kugombea nyumba. Wapiganaji wake wanaenea kwenye kiganja cha mtoto.

Kama unakaa pwani, huenda umewahi kuokota kombe zuri la konokono, ukalitia mfukoni, mara ukahisi miguu inakutambaa pajani. Konokono mwenyewe alikufa zamani. Aliyemo humo ni kaa, amehamia. Kaa huyu si kama wale wengine mnaowaona wakikimbia upande upande mchangani. Mbele ni mgumu na ana magando mawili, lakini tumbo lake ni laini kama funza, nalo limejipinda kufuata mzunguko wa kombe. Akikutwa nje bila kombe, samaki wa kwanza kupita atamla. Kwa hiyo kila aendako anaikokota nyumba yake.

Taabu ni kwamba kaa anakua, kombe halikui. Konokono hulijenga kombe lake yeye mwenyewe, likaongezeka kadiri anavyonenepa. Kaa hana ufundi huo. Anasubiri makombe yaliyoachwa na konokono waliokufa, na mazuri hayatoshi wote. Anayebanwa ataokota kombe tupu akibahatika. Asipobahatika, atamwendea mwenzake aliye katika nyumba nzuri.

Kuwaonyesha vita vyenyewe itabidi niwapeleke mbali, kwenye pwani za baridi za Uingereza na Ireland ya Kaskazini, maana huko wataalamu wamevitazama kwa miaka mingi. Kaa wa huko anaitwa Pagurus bernhardus. Gando lake la kulia ni kubwa kuliko la kushoto. Maji yakipwa, walio wadogo hubaki kwenye vidimbwi vya miambani, na kombe wanalolipenda sana ni la konokono mnene aitwaye Littorina.

Haya, tazameni kidimbwi. Yupo kaa mkubwa aliyebanwa katika kombe dogo. Tumwite Mgeni. Mbele yake yupo kaa mdogo anayepwaya katika kombe kubwa kupita mwili wake. Huyo ni Mwenyeji. Mgeni anakuja, analishika lile kombe kwa miguu, analipapasa, analigeuza mpaka mlango wake uelekeane na wa kwake. Mwenyeji hasemi karibu. Anajivuta ndani kabisa, zinabaki kuonekana ncha za magando tu, na kwa tumbo lake ameing'ang'ania nguzo ya katikati ya kombe.

Ndipo Mgeni anapobisha hodi. Analivuta kombe lake nyuma kidogo, analigonga kwenye kombe la mwenzake. Ko-ko-ko-ko! Anatua. Ko-ko-ko! Anatua tena. Anagonga kwa mafungu, kama mpiga ngoma anayepiga, akavuta pumzi, akarudia. Hodi hizi zinaweza kuendelea kwa muda mrefu, na huko ndani Mwenyeji anazisikia mwilini mwote, maana nyumba nzima inatikisika.

Je, kishindo hicho kina kazi gani? Mark Briffa na Robert Elwood, wataalamu waliokuwa Belfast, walipaka mpira juu ya makombe ili kupunguza nguvu ya mgongano. Kaa waliendelea kugonga kama kawaida, lakini wenyeji hawakutolewa kwa urahisi kama mwanzo. Kwa hiyo hodi si kelele za kutishia tu. Uzito wa pigo lenyewe ndio unaomlegeza aliyemo ndani.

Na kugonga kunachosha. Jaribuni kufikiri mnapanda mlima huku mmebeba nyumba mgongoni, halafu mnaipigiza nyumba hiyo kwenye nyumba ya mwingine mara nyingi mno. Walipompima Mgeni baada ya pambano, walikuta damu yake imejaa laktati, ile kemikali inayozidi mwilini misuli inapofanya kazi kupita pumzi yake. Anayeshindwa huonekana mapema: mafungu yake ya hodi yanakuwa machache, mapumziko yanarefuka, mwishowe anaachia na kuondoka.

Mpaka hapo mtadhani ni suala la nguvu tu, aliye na misuli zaidi achukue nyumba. Mimi nami nilidhani hivyo. Lakini mwaka 2017, Briffa, ambaye wakati huo alikuwa Chuo Kikuu cha Plymouth, alichapisha pamoja na mwenzake utafiti wa jambo ambalo wengi walikuwa wamelipita: kaa analisogezaje kombe lake anapogonga? Walipima umbali ambao kombe la mshambuliaji lilisafiri katika kila pigo. Kaa waliofaulu kumtoa mwenyeji walikuwa wakilisogeza kombe kwa umbali mfupi kuliko walioshindwa.

Mfupi, wanangu. Si mrefu!

Mkitaka kuona sababu yake, ingieni jikoni. Mtazameni mama akikata sukuma wiki. Kisu chake hakipandi juu, kinanyanyuka kidogo tu na kushuka, majani yanatoka membamba kama nyuzi, na mkono haumwumi. Mpe kisu hicho hicho mtoto anayejifunza: atakiinua hadi begani, atakishusha kwa kishindo, na fungu moja la mboga litamchosha kabla halijaisha. Kaa anayelivuta kombe mbali mno hupoteza muda na nguvu njiani. Anayelivuta kidogo tu hurudi haraka kupiga tena, akibakiza nguvu za pigo linalofuata. Na haya anayafanya majini, penye mawimbi, akiwa amelishika kombe la mwenzake kwa miguu na la kwake amelibeba. Huo ni ufundi, na sioni jina jingine linaloufaa.

Kuna wakati mtaalamu mmoja wa Marekani, Brian Hazlett, aliuliza kama haya ni vita kweli au ni mapatano ya kubadilishana nyumba, kila mmoja apate inayomfaa. Ni wazo zuri, na yako mapambano ambayo wote wawili hutoka na kombe bora kuliko la mwanzo. Lakini mimi nikimtazama Mwenyeji anavyong'ang'ania nguzo yake mpaka nguvu zimwishie, naona mtu anayelinda chake.

Na hodi zikimshinda, Mwenyeji analegeza tumbo. Mgeni anamkamata kwa magando, anamvuta kupitia mlangoni mpaka nje, uchi, tumbo lake laini likipigwa na maji. Hakimbii. Aende wapi? Anabaki pale pale kando ya makombe, au juu yake, akisubiri. Mgeni anahamia katika nyumba mpya. Pengine anatoka, anairudia ile ya zamani, anaipima tena, anarudi kwenye mpya. Akisharidhika huondoka nayo. Hapo ndipo yule mdogo anapoligeukia kombe lililobaki, analipapasa mlango wake kwa haraka, na kuingiza tumbo lake kinyumenyume kabla samaki hajapita.