Maradhi ya Mizizi ya Maharage

Likizo iliyopita nilimkuta mama shambani, kwenye mteremko karibu na mji wa Kigali, akiyatazama maharage yake kwa huzuni. Mvua ilikuwa ya kutosha, lakini miche imedumaa na majani ya chini yamegeuka manjano. Mama alililaumu jua la juma lile. Nikang'oa mche mmoja: mizizi ilikuwa imeoza, rangi yake ya kahawia.

Maradhi haya huletwa na kuvu wakaao udongoni, kama vile Fusarium na Rhizoctonia. Mwenzao Pythium ni jamaa wa mwani kuliko kuvu, ila uharibifu wake ni ule ule. Mzizi ukioza, mmea hauwezi kunywa maji hata yakiwa tele, kwa hiyo hunyauka kama wenye kiu.

Kwa nini yameenea Rwanda? Ardhi yetu ni ndogo, nasi twala maharage karibu kila siku. Shamba lile lile hupandwa maharage mwezi wa Septemba, kisha tena Februari. Basi adui hakosi chakula. Na hata akikosa, mbegu zake hulala udongoni miaka mingi.

Tangu miaka ya 1980 wataalamu wa Rubona, wakisaidiana na kituo cha kimataifa cha CIAT, walieneza maharage ya kutambaa, ambayo baadhi yake huvumilia zaidi. Aina moja ya Rwanda, RWR 719, humshinda Pythium, na imetumika hata Uganda kuzalishia mbegu mpya.

Mizizi iliyokwisha kuoza haiponi. Lakini mkulima aweza kufanya haya: kubadilisha mazao, mara mahindi, mara viazi vitamu, kutia samadi, kupanda juu ya matuta pale maji yatuamapo, na kupalilia kwa kufukia shina udongo, maana mizizi mipya huchipuka juu ya ile iliyooza.

Mama alikuwa karibu kuitupa miche ile katika shimo la mboji. Tuliichoma moto, tukaifukia mashina iliyobaki. Mavuno yalikuwa machache, lakini mbegu ya msimu uliofuata haikununuliwa.

Yafaa kila mmoja wetu, akirudi kwao, ang'oe mche mmoja autazame chini kabla ya kulilaumu jua.