Wiki ya Wageni na Tumbo la Mtoto

  

Leo natuangalie wiki moja tamu sana. Ni likizo ya Agosti, mko Mombasa, na dada yako ameteremka kutoka Voi na watoto wake. Kila mtu anataka kula. Jumatatu asubuhi anatumwa mtoto dukani akalete mahamri na mbaazi za nazi. Jumanne jioni mnakwenda Mama Ngina kupunga upepo, mnakula mihogo ya kukaanga na kunywa madafu. Jumatano mnapita Marikiti kununua iliki na mdalasini, mnaingia duka la halua, na watoto wanalilia mabuyu yale mekundu yanayopaka ulimi rangi. Alhamisi mnakula biriani mkahawani. Ijumaa mchana ni pilau nyumbani, sufuria kubwa, na majirani wanapelekewa sahani.

Jumamosi alfajiri, kitinda mimba wako wa miezi 14 anaharisha. Kufikia saa nne asubuhi ameharisha mara nne.

Hapo ndipo lawama huanza. Bibi anasema ni ile mihogo ya barabarani. Shangazi anasema ni meno. (Meno hayaharishi mtoto, mama. Mtoto anayeota meno huokota kila kitu akakitia mdomoni, na uchafu huo ndio unaomharisha.) Lakini hebu turudi nyuma, tukiangalie chakula kimoja kimoja.

Ile mihogo ilitoka kwenye mafuta yanayochemka ikaingia mkononi mwako ingali moto. Vijidudu havistahimili moto wa namna hiyo. Dafu nalo lilikatwa mbele ya macho yako, na maji yaliyo ndani yake ni safi; la kuangalia ni panga na mrija. Biriani ilikuja ikitoa moshi. Mimi ningeogopa zaidi kachumbari iliyoletwa kando yake, kwa sababu hailiwi ikiwa imepikwa, na hujui ilioshwa kwa maji gani. Ningeogopa pia sharubati ya ukwaju yenye barafu. Watu wengi hudhani baridi huua vijidudu. La, barafu haiui. Kama maji yake yalitoka kwenye mtungi wa mkokoteni na hayakuchemshwa wala kutiwa dawa, vijidudu vimo humo humo vikingoja.

Sasa tuje kwenye pilau, maana hapa ndipo ningeanza kushuku. Iliiva saa saba mchana. Mlikula, mkazungumza, sufuria ikafunikwa ikaachwa jikoni. Saa tatu usiku mtoto akalia njaa, nawe ukampakulia kidogo, labda ukakipasha moto kwanza. Hesabu mwenyewe: chakula kilikaa masaa manane katika joto la Mombasa. Vijidudu hupenda hali ya uvuguvugu, si moto wala si baridi, na hapo huongezeka kwa kasi. Kuna aina inayopatikana kwenye wali ambayo mbegu zake hazifi katika kupika kwa kawaida, na wali ukikaa hutoa sumu. Sumu hiyo ikishatoka, nyingine haiondoki hata ukiuchemsha wali tena. Kwa hiyo kupasha moto si dawa ya kila kitu, ingawa ndivyo tulivyofundishwa na mama zetu.

Najua inauma kuambiwa kwamba huenda shida ilitoka jikoni kwako na si kwa muuza mihogo. Lakini ukijua hivyo utaweza kuizuia. Chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya masaa mawili, na siku ya jua kali hata hayo ni mengi. Vyakula vya nazi huchacha haraka, kwa hiyo mbaazi za asubuhi zisiwe za jioni. Ukiwa na friji, gawa pilau katika vyombo vidogo vidogo ili ipoe upesi, na utakapoitoa uichemshe mpaka itoe moshi kotekote. Usipokuwa na friji, mpikie mtoto kidogo cha jioni, hata kama ni viazi viwili na yai.

Kwa muuzaji wa nje, tazama mikono. Je, anayekupa mishkaki ndiye anayepokea pesa kwa mkono huo huo? Sahani anaziosha katika maji yapi? Mwuzaji wa chakula anatakiwa awe amepimwa na kupata cheti cha afya. Usione haya kuuliza. Unalipa pesa zako.

Jambo moja kuhusu Marikiti. Ukinunua njugu za kusaga katika unga wa uji, zichambue. Zenye kuvu, zilizosinyaa au zenye uchungu zitupe, usimpe hata kuku. Mwaka 2004 zaidi ya watu 100 walifariki katika sehemu za Ukambani baada ya kula mahindi yenye sumu ya kuvu. Moto wa jikoni haumalizi sumu hiyo. Njugu nzima na mbegu za mabuyu usimpe mtoto mdogo, zinaweza kumkaba. Na aliye chini ya miezi sita hana haja ya kuonjeshwa halua hata kwa ncha ya kidole. Maziwa ya mama yanamtosha.

Basi, huyu wetu wa Jumamosi tumfanyie nini? Mpe maji ya ORS. Soma pakiti uone inataka maji kiasi gani, kwani ziko za nusu lita na za lita moja. Tumia maji yaliyochemshwa yakapoa, na yakibaki baada ya masaa 24 yamwage. Kila anapoharisha mpe robo hadi nusu kikombe, kijiko kwa kijiko. Akitapika, ngoja dakika 10 kisha endelea pole pole. Mnyonyeshe, na umlishe kama kawaida, usimfungie chakula. Kwenye kituo cha afya omba vidonge vya zinki. Mtoto wa miezi sita na zaidi hupewa miligramu 20 kila siku kwa siku 10 hadi 14, hata kama kuharisha kumekoma. Dawa za kuzuia kuharisha za watu wazima usimpe kabisa.

Ukiona damu kwenye choo, macho yameingia ndani, analegea, hawezi kunywa au anatapika kila kitu, usingoje Jumatatu. Mbebe umpeleke hospitali saa hiyo hiyo, na njiani endelea kumpa ORS kama anaweza kumeza. Aliye chini ya miezi sita akiharisha, mpeleke hata kama hana dalili hizo.

Wiki ijayo tutazungumza juu ya maji ya kunywa: kuyachemsha, kuyatia dawa na kuyahifadhi. Kwa leo nasema kwaheri, na msalimie mgeni wako wa Voi.