Kericho na Bomet: Tovuti za kumfunza mwanao Jiografia

MWULIZE mwanao aliye katika shule ya upili kwa nini majani chai hustawi Kericho na Bomet. Bila shaka atakujibu kwa haraka: mvua ya kutosha mwaka mzima, udongo mwekundu wenye asidi, miteremko isiyotuamisha maji na hewa ya baridi kiasi. Sasa mwulize mvua hiyo hutoka wapi, na kwa nini hupendelea kunyesha alasiri. Hapo ndipo wengi hunyamaza.

Usimlaumu. Mtoto aliyelelewa Nairobi au Mombasa huijua chai ikiwa kikombeni. Kericho iko zaidi ya kilomita 250 kutoka Nairobi, na ziara ya shule hutaka nauli, chakula na mahali pa kulala, gharama ambazo si kila mzazi anazimudu. Basi mwanafunzi hukariri orodha, huiandika katika mtihani, na huisahau kabla ya likizo kwisha.

Hata hivyo, msomaji, zipo tovuti ambazo hazidai ada na ambazo zinaweza kumpeleka mwanao hadi kwenye miteremko hiyo akiwa ameketi nyumbani, shuleni au katika saiba ya mtaani. Jambo la muhimu ni kujua la kuuliza. Mtoto akifungua tovuti bila swali, ataishia kuangalia paa la nyumba yenu na kufunga.

Mvua inatoka ziwani

Anza na Google Earth, inayopatikana katika earth.google.com. Kwenye kompyuta, mwambie aweke kielekezi juu ya mji wa Kisumu na kusoma kimo kinachoonyeshwa. Atapata mita 1,100 na ushei juu ya usawa wa bahari. Kisha asogee kusini-mashariki hadi mji wa Kericho. Hapo kimo kinakaribia mita 2,000. Apime umbali kwa rula iliyo katika tovuti hiyo hiyo. Hautafika kilomita 100.

Hilo ndilo jibu la swali letu. Mchana jua linapochoma, hewa yenye unyevu kutoka Ziwa Victoria husukumwa kuelekea nyanda za juu. Ikilazimika kupanda mita 900 hivi katika mwendo mfupi, hupoa, unyevu hugeuka mawingu, na mvua hushuka alasiri. Mara nyingi huja na ngurumo na mvua ya mawe, ambayo wakulima wa chai huiogopa kwa sababu hurarua majani machanga.

Anayetaka ushahidi na autafute katika worldview.earthdata.nasa.gov, tovuti ya shirika la anga la Marekani, NASA. Achague siku yoyote ya mwaka 2019 na atazame eneo la Kericho kwa picha za setilaiti mbili. Terra ilikuwa ikipita mwendo wa saa nne na nusu asubuhi, na Aqua mwendo wa saa saba na nusu mchana. Akilinganisha siku kumi, ahesabu ni siku ngapi mawingu yaliongezeka kati ya picha ya kwanza na ya pili. Hesabu hiyo ataifanya mwenyewe, na hataisahau upesi.

Kwa utabiri na maelezo ya misimu, Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa ya Kenya ina tovuti yake, meteo.go.ke.

Mashamba yana historia

Mkiwa bado katika Google Earth, tazameni mashamba yaliyo kandokando ya mji wa Kericho. Mtaona maeneo mapana ya kijani kibichi cha namna moja, yamekatwa na barabara zilizopangwa, na makazi ya wafanyakazi yamejengwa kwa safu. Kisha nendeni Bomet, au sehemu za Kericho zilizo nje ya mashamba hayo makubwa. Huko ardhi ni viraka vidogo vidogo: kipande cha chai, kipande cha mahindi, nyasi za ng'ombe, na boma katikati.

Mwanafunzi akiuliza tofauti hiyo ilitoka wapi, Jiografia imekutana na Historia. Mashamba makubwa yalianzishwa miaka ya 1920, kampuni za Uingereza kama Brooke Bond na James Finlay zilipoingia Kericho wakati wa ukoloni. Ardhi hiyo ilikuwa ya Wakipsigis. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuwahamisha watu wa ukoo wa Talai, wakapelekwa Gwassi karibu na Ziwa Victoria. Malalamiko kuhusu ardhi hayajaisha. Mwaka 2021 wataalamu wa haki za binadamu wa Umoja wa Mataifa waliyazungumzia hadharani. Viraka vidogo navyo ni vya wakulima ambao chai yao ilipanuka hasa baada ya uhuru, kupitia KTDA iliyoundwa mwaka 1964.

Kitu kingine cha kutafuta ni ukanda mwembamba wa chai kwenye ukingo wa msitu wa Mau. Huo ni mpango wa Nyayo ulioanza mwaka 1986, chai ikipandwa kama ua wa kuzuia watu wasiingie msituni.

Usiamini kila rangi

Google Earth ina pia sehemu inayoonyesha mabadiliko ya ardhi mwaka baada ya mwaka tangu 1984. Mwanafunzi ataona sehemu za Mau zikipoteza miti na kugeuka mashamba. Akumbuke kwamba mwaka 2001 serikali yenyewe ilitenga sehemu za misitu, zikiwemo za Mau, kwa makazi ya watu.

Kwa takwimu za miti, tovuti ya globalforestwatch.org huonyesha kwa rangi ya waridi mahali miti ilipotoweka tangu 2001. Lakini hapa, mzazi na mwalimu, kuweni macho. Tovuti hiyo huhesabu mimea iliyozidi kimo cha mita tano. Haiulizi kama mti ni wa asili au umepandwa.

Na Kericho kuna mikaratusi mingi. Viwanda vya chai huipanda ili kupata kuni za kukaushia majani. Ikikatwa, ramani huweka alama ya waridi, ijapokuwa miche mingine huenda imekwisha kuchipuka hapo hapo. Mtoto asipoonywa ataandika kwamba msitu wa Mau umeteketezwa mahali ambapo mwenye kiwanda alikuwa akivuna kuni zake. Na kinyume chake ni hatari zaidi: shamba la mikaratusi huonekana kama miti, na mtu anaweza kudai kwamba msitu umerudi, ilhali miti ya asili iliyolinda chemchemi za maji imekwenda.

Dawa yake ni rahisi. Kila alama ya waridi ilinganishwe na picha ya mahali hapo hapo katika Google Earth. Miti iliyopandwa hukaa kwa mistari na mipaka iliyonyooka. Msitu wa asili hauna mistari.

Mito miwili, ziwa moja

Kuna zoezi ambalo hata mtoto wa shule ya msingi atalifurahia. Aufuate mto Nyangores kutoka Mau, upite karibu na mji wa Bomet, uungane na Amala na kuwa mto Mara. Aendelee nao hadi mbuga ya Masai Mara, avuke mpaka kuingia Serengeti, na afike Ziwa Victoria upande wa Tanzania. Kisha arudi Mau, afuate maji ya mto Itare hadi mto Sondu, unaomwaga maji katika ziwa lilo hilo upande wa Kenya. Atajionea kwamba mti unaokatwa Mau unawahusu mfugaji wa Narok, mwongozaji wa watalii wa Serengeti, na hata yeye mwenyewe, kwani maji ya Sondu huzalisha umeme.

Ramani ya openstreetmap.org itamsaidia kujua majina ya vijito na vituo vya biashara. Ramani hiyo huchorwa na watu wa kujitolea, na mtu yeyote aliyejisajili anaweza kuongeza kilichokosekana. Mwaka 2009 vijana wa Kibera walitumia njia hiyo kuuchora mtaa wao, uliokuwa kama nafasi tupu katika ramani nyingi. Shule ya Bomet inaweza kufanya vivyo hivyo kwa kijiji chake.

Kuhusu idadi ya watu, nenda knbs.or.ke. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 901,777 Kericho na 875,689 Bomet. Ila mwanao asilinganishe kiholela na sensa ya 1989, kwa kuwa wakati huo Bomet ilikuwa ndani ya wilaya ya Kericho. Iligawanywa mwaka 1992. Asiyejua hivyo atadhani watu wa Kericho waliongezeka kwa kiasi kidogo mno.

Bando na nidhamu

Picha za setilaiti hula bando haraka. Ikiwa mnatumia simu, chagueni swali moja tu kwa siku, na mhifadhi picha mnazozihitaji ili mzitazame baadaye bila mtandao. Mwalimu asiye na mtandao darasani anaweza kuchapisha picha mbili, moja ya shamba kubwa na moja ya viraka vya wakulima wadogo, na kuzitumia kwa vipindi vitatu. Azilinganishe pia na ramani ya kipimo cha 1:50,000 ambayo wanafunzi hutahiniwa nayo, ili kontua zisibaki kuwa mistari mitupu machoni mwao.

Picha hizi hazitamwambia mtoto mchumaji hulipwa kiasi gani kwa kilo, wala baridi ya asubuhi ya Kericho ilivyo. Kama mna jamaa au rafiki huko, mpigieni simu. Mtoto amwulize jana mvua ilinyesha saa ngapi, kisha afungue ramani na kueleza kwa nini.