Kuchonga Zana za Mawe Mbugangari: Jiwe Lipi Linalipa?

Mwalimu wa historia au kikundi cha vijana wa Mbugangari, wilayani Rubavu, wanaotaka kujifunza kwa mikono yao jinsi watu wa Zama za Mawe walivyotengeneza visu wana machaguo manne: makoro (mawe ya lava) ya hapa hapa, kwatsi ya milimani, obsidiani ya Kenya, na vitako vya chupa. Ukitazama bei ya kilo, makoro hayana mpinzani, kwa kuwa ni bure. Lakini kilo si kipimo cha haki. Jiwe la kuchonga hununuliwa kwa makali yake.

Kipimo cha kulinganisha

Mwanaakiolojia Mfaransa André Leroi-Gourhan alihesabu urefu wa makali yanayopatikana katika kilo moja ya jiwe. Hesabu hiyo inamfaa mnunuzi pia. Pima uzito wa jiwe kabla ya kuligonga, halafu pima kwa uzi makali ya kila kibanzi kinachoweza kukata. Gawanya gharama yote, nauli ikiwemo, kwa sentimita ulizopata. Tuchukue mfano wa hesabu tu: kwatsi iliyokugharimu faranga 500 ikitoa sentimita 100, kila sentimita ni faranga 5. Obsidiani ya faranga 6,000 ikitoa sentimita 400, kila sentimita ni faranga 15.

Usiviache vibanzi vidogo. Nicholas Toth, aliyechonga mawe kwa majaribio huko Koobi Fora nchini Kenya, alionyesha mwaka 1985 kwamba vibanzi vilivyokuwa vikidhaniwa kuwa takataka ndivyo vilivyokuwa visu vyenyewe. Mara nyingi jiwe kubwa ndilo lililokuwa salio.

Makoro: bure, lakini yana hasara

Mawe meusi ya Virunga yanajenga misingi na nyua za Rubavu na Goma, na huhitaji kusafiri kuyapata. Tatizo ni matundu. Lava iliyopoa ikiwa bado na gesi ndani yake hupasuka ovyo, na pigo halifiki unakolielekeza. Unaweza kuvunja rundo zima usipate kibanzi cha kukatia muwa.

Hata hivyo, lava yenye chembe laini na isiyo na matundu ni mali. Zana za Lomekwi, magharibi mwa Ziwa Turkana, zilizotangazwa mwaka 2015 na Sonia Harmand na wenzake, zina umri wa miaka milioni 3.3, na nyingi zilichongwa kwa basalti na fonoliti, mawe yaliyozaliwa na volkano. Chagua pande zito na ligonge kidogo. Likitoa mlio wa kengele, lichukue. Likitoa mlio mfu, lina ufa au matundu, liache.

Kwatsi: jiwe la ukanda wetu

Kwatsi ni lile jiwe jeupe linalong'aa, linalopita kama mishipa katika miamba ya kale ya Rwanda, nje ya eneo la lava. Gharama yake ni nauli ya pikipiki na makubaliano na mwenye shamba. Usichukue jiwe la mgodini bila idhini.

Udhaifu wake ni nyufa za ndani. Vibanzi hutoka vidogo, na mabaki huwa mengi. Mbinu inayofaa ni kuliweka pande juu ya jiwe bapa, mfano wa fuawe la mhunzi, kisha kuligonga kutoka juu. Kwa upande wa faida, kwatsi ina ugumu wa 7 katika kipimo cha Mohs, na kioo ni kama 5.5, kwa hiyo makali yake huvumilia mti mgumu na mfupa.

Ndiyo iliyotumiwa sana na jirani zetu wa kale. Wakazi wa Ishango, kwenye Ziwa Edward, waliofukuliwa na Jean de Heinzelin mwaka 1950, waliacha zana ndogo za kwatsi. Pango la Matupi, Ituri, lilimpa Francis Van Noten zana za aina hiyo. Anayechonga kwatsi leo anakumbana na matatizo yale yale waliyoyatatua wao.

Obsidiani: makali ya juu, gharama ya juu

Kioo hiki cha volkano hupatikana karibu na Naivasha, na huko Kariandusi, jirani na Gilgil, watu wa kale walikitumia kuchonga mashoka ya mkono. Hutii pigo kuliko jiwe lolote katika orodha hii, na makali yake mapya hushinda wembe. Lakini ni chepesi kumeguka, kwa hiyo makali huisha haraka kwenye kitu kigumu. Bei ya kununulia ni sehemu ndogo ya hesabu. Kuna mzigo wa kuvuka Uganda, ushuru, na kazi ya kuthibitisha kwamba jiwe halikutoka eneo la kale linalolindwa. Linawafaa wenye ujuzi.

Kitako cha chupa: shule ya bei nafuu

Kioo kinene cha chini ya chupa ya bia hupasuka kwa kanuni ile ile ya obsidiani. Waaborijini wa Kimberley, Australia, walitengeneza ncha za mikuki kwa kioo cha chupa katika karne ya 19. Chupa nzima ina thamani ya kurudishwa, kwa hiyo ziombe baa chupa zilizovunjika. Hapa ndipo mkono ujifunze pembe ya pigo kabla ya kuharibu jiwe lililolipiwa nauli.

Gharama isiyokwepeka

Fedha ya kwanza iende kwenye miwani iliyofunikwa pembeni, kisha glavu za ngozi, barakoa, na kipande cha mpira wa tairi cha kuweka pajani. Fanyeni kazi nje, upepo ukipeperusha vumbi mbali nanyi. Vumbi la kwatsi na gumegume hushambulia mapafu. Wachongaji wa mawe ya bunduki wa Brandon, Uingereza, waliugua silikosisi, ugonjwa wa mapafu, na kufa kwa sababu ya kazi hii. Ikiwa bajeti haitoshi miwani kwa kila mshiriki, punguzeni washiriki.

Hifadhi za Volkano na Virunga si mahali pa kuokota mawe. Ukikuta zana ya kale, iache ilipo na uitaarifu Inteko y'Umuco, taasisi ya urithi wa utamaduni ya Rwanda. Mabaki yenu yazikeni pamoja na kizibo cha soda, ili mtafiti wa kesho asiyadhanie kuwa ya kale.

Uamuzi

Kwa anayeanza: vitako vya chupa hadi mkono uzoee. Kwa shule au kikundi kinachotaka kuelewa historia ya ukanda huu: kwatsi, hata kama sentimita yake ikitoka ghali kuliko ya chupa, kwa sababu ndiyo inayojibu swali la watu wa hapa waliishije. Makoro mazito yawe ya kugongea na ya kutengenezea zana nene. Obsidiani isubiri mpaka daftari lenu la vipimo lionyeshe kwamba mnapoteza jiwe kidogo. Mwanafunzi aliyejaza daftari hilo atajua kwamba kuchagua jiwe kulikuwa hesabu ya uzito, safari na makali, na kwamba watu wa Ishango waliifanya vizuri.